Siku Tulipoezua Paa la Wakwe

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kubomoa viwanda, swali lao la kwanza ni baruti. Baruti gani? Kazi yetu ina maji mengi kuliko moto. Tunalowesha, tunasubiri, tunashusha, tunafunga, tunasubiri tena, na mimi duniani hakuna kitu kinachonichosha kama kusubiri. Naitwa Ramla, mzaliwa wa Majengo, Nyeri, nyuma ya msikiti, na ninaendesha tingatinga lenye mkono mrefu. Nikipewa ukuta asubuhi, nataka uwe kifusi kabla ya chai ya saa nne.

Basi niwekwe chini ya nani? Chini ya Kiogora, ambaye kazi yake ni usalama, na ambaye akimaliza kukagua kitu hukikagua tena kwa mapenzi tu. Ni Mmeru wa Nkubu, mpole wa sauti na mgumu kama msumari wa inchi sita. Upepo ukigeuka ukaanza kuelekea nyumba za watu, ananipungia mkono nizime mashine. Nazima. Namtukana kimoyomoyo, na siku nyingine si kimoyomoyo. Yeye hutabasamu, hunipa ndizi mbivu, kisha tunakaa kungoja upepo upate akili.

Kiwanda tulichokuwa tunakibomoa kilikuwa cha mbao, nje kidogo ya Chaka. Kilikuwa kimefungwa zamani, kikabaki na tangi la mvuke lililoshika kutu, bomba la moshi lililoinama kidogo, na paa kubwa la kijivu. Hilo paa ndilo lililomnyima Kiogora usingizi. Lilikuwa la asbesto. Kwa asiyejua, yale mabati ya kijivu ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za jiwe, nyuzi nyembamba kiasi kwamba zikipeperuka huzioni. Bati likikaa zima halina neno. Likivunjika, likikwaruzwa, likipigwa msumari, nyuzi huingia kifuani zikakaa humo, na ugonjwa wake huja baada ya miaka mingi, mtu ameshasahau hata alipozivuta. Ndiyo maana tunayalowesha kwanza, tunayashusha mazima, tunayafunga kwa nailoni mara mbili na kuyapeleka yakazikwe kwenye shimo lililoruhusiwa.

Kwa sababu ya huko kulowesha ndipo Kiogora alipompata Murugi. Alikwenda agroveti, duka la dawa za mimea na mifugo, pale Chaka akaomba pampu za kubeba mgongoni, zile za kupigia viazi dawa, na akazitaka zote. Msichana wa duka akamuuliza ana ekari ngapi. Kiogora akamjibu kwamba hana hata kitalu cha sukumawiki, ananyunyizia paa. Murugi alicheka mpaka akakalia gunia la pumba, kisha akamwonyesha mdomo wa pampu unaotoa umande na ule unaotoa matone. Tangu siku hiyo pampu zetu zilianza kuharibika ovyo, na kila ikiharibika ni lazima msimamizi mwenyewe aipeleke dukani.

Nilifurahi. Niseme tu wazi, nilifurahi kama dada. Mtu anayeogopa vumbi kiasi kile anastahili mtu wa kumchekesha.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomsumbua. Kabla hatujaweka uzio, mlinzi wa zamani alikuwa amewaacha majirani wajichukulie. Huku kwetu jengo likifa lina mirathi. Huyu hubeba matofali, yule mlango, mwingine vyuma vya dirisha, na hakuna anayeuita wizi. Nyuma ya tangi kulikuwa na rundo la mabati ya kijivu, nalo likaondoka na mkokoteni wa punda wa mtu asiyejulikana. Kiogora alizunguka kanisa kwa kanisa akiomba yarudishwe, na kuahidi kwamba hakuna atakayeulizwa neno. Hayakurudi. Sokoni walisema huo ni ujanja wa kampuni, bila shaka imeshapata mnunuzi.

Ikafika Jumamosi ya ruracio, yaani siku ya kupeleka mahari kwa kina Murugi. Wameru wakaja na mabasi madogo mawili kutoka Nkubu, wakiongozwa na Zachary, mjomba wa Kiogora, ambaye ndiye msemaji wa ukoo. Zachary ana suti ya rangi ya kahawa na sauti ya kuamsha kijiji. Mbuzi walitoka Nanyuki kwa mjomba wangu mimi, Olow, mfanyabiashara wa mifugo, naye aliwachagua kwa mkono wake kwa sababu nilimwambia nitakula aibu wakiwa wamekonda. Sisi wa kazini tulikuwa wawili, mimi na Kihara, kijana mrefu anayejua kukata vyuma. Nilivaa dera jipya la zambarau. Kiogora alivaa suti nyeusi, na viatu vyake ungeweza kujitazama ndani yake.

Kwa Wakikuyu huingii hivi hivi. Lango lilikuwa limefungwa, na ndani wanawake wa ukoo wa Murugi walikuwa wamejipanga, wakiimba kutuuliza sisi ni nani na tumepotelea nini huku. Sisi nasi nje lazima tujibu kwa wimbo. Wameru wakaimba kwa lugha yao, wale wakawacheka. Wakaimba tena. Mimi sijui Kimeru wala Kikuyu changu hakitoshi kuombea maji, lakini niliimba kwa nguvu zangu zote, na mama mmoja upande wa pili akaniambia mdomo wangu pekee ungetosha kulipa mahari.

Ilikuwa asubuhi ya kupendeza. Mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni, harufu ya nyama na njahi, yale maharagwe meusi ya sherehe, ilikuwa inapita juu ya lango, watoto walikuwa wamening'inia kwenye ua kama nguo. Mimi kwa urefu wangu niliweza kuona ndani ya boma. Na ndani ya boma, mbele ya nyumba, niliona banda kubwa jipya la kupokelea wageni, limepambwa kwa maua na vitambaa. Nguzo mpya na viti vimepangwa chini yake. Na juu, paa la kijivu, la mawimbi makubwa, limesuguliwa likang'aa.

Nilimgeukia Kiogora. Alikuwa ameshaacha kuimba.

Nisijifanye mtakatifu. Wazo langu la kwanza lilikuwa tunyamaze. Tuingie, tule, msichana apatikane, halafu Jumatatu tuje na mashine. Zachary, nilipomnong'oneza kuna nini, alikuwa na wazo lilelile, na alimvuta mpwa wake pembeni akamweleza kwa upole kwamba paa lililokaa wiki nzima halitamuua mtu kwa siku moja. Kiogora alimsikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza watoto wale walioko uani watacheza wapi mchana wakishashiba. Zachary akatazama banda, akatazama watoto, akafuta jasho.

Wakati huo wimbo ukawa umefika penye kuridhika na lango likafunguliwa. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee Gatimu, babake Murugi, alisimama langoni na fimbo yake na kofia ya manyoya, uso umejaa furaha ya mwenye nyumba. Akatukaribisha kwa mikono miwili. Na bwana harusi wetu akakataa kuingia.

Sijui kama ninyi mnaosoma mnaelewa uzito wake. Mwanamume amefika kuomba binti, amefunguliwa lango, naye anasimama nje. Vigelegele vilikatika katikati. Zachary akaanza kusema kwamba kijana anaumwa na tumbo, lakini Kiogora akavua kofia akamwendea mzee, akasimama mbele yake kama mtoto wa shule.

"Baba," alisema, "mimi siwezi ingia chini ya hiyo banda. Na naomba hata nyinyi msiingie."

"Ati nini?"

"Hayo mabati ni ya kiwanda. Iko na vumbi mbaya ndani. Ndio hayo nilikuwa natafuta."

Nilimwona Mzee Gatimu akibadilika rangi, na nilimhurumia, kwa sababu sasa kila mtu alijua. Ni yeye aliyekuja na punda. Aliyaona mabati yamekaa miaka mingi bila kushika kutu, akayaona ni mali, na alipopangiwa siku ya wageni akajiambia kwamba watu wa Nkubu hawatanyeshewa kwake. Hakuyauza. Hakuyaweka kwenye zizi. Aliyaweka mahali pa heshima kuliko pote.

"Hii banda nimejenga kwa sababu yako," alisema, na sauti yake haikuwa kubwa. "Sasa unakuja kuniita mwizi mbele ya watu wangu?"

"Sijasema mwizi, Baba. Nimesema vumbi."

Mzee akageuka, akapita katikati ya wanawake wote wale, akaenda mpaka kwenye zizi la ng'ombe nyuma ya nyumba na kufunga mlango. Hapo ndipo niliposema moyoni kwamba basi, mke amekwenda. Nilikasirika. Nilimkasirikia Kiogora kwa ugumu wake, mzee kwa kiburi chake na punda kwa kuzaliwa.

Mama yake Murugi ndiye aliyesogea. Ni mwanamke mfupi, mnene, mwenye macho ya kucheka, lakini hayakuwa yakicheka. Aliuliza swali moja tu. Aliuliza itakuwaje kwa mtu aliyeyasugua mabati hayo kwa brashi ya waya ili yapendeze, siku mbili, akiwa anaimba.

Kiogora aliinamisha kichwa. Ningekuwa mimi ningemdanganya, Mungu anisamehe. Yeye alimwambia kweli, tena polepole ili ieleweke: kwamba siku mbili si sawa na mtu aliyefanya kazi kwenye asbesto maisha yake yote, kwamba hatari yake ni ndogo, kwamba akiona kikohozi kisichoisha amwambie daktari bila kuficha. "Lakini Mama," alisema, "hatutaongeza hata siku moja. Hata hii ya leo."

Mama akauliza kama brashi yenyewe na nguo alizovaa siku hizo mbili zina neno. Zina. Akaingia ndani akatoka na brashi kwenye ndoo, pamoja na gauni la shambani na leso moja ya rangi ya machungwa, na ilionekana kwamba hiyo leso aliipenda. Aliiweka juu ya nyasi mbali na watoto, kwa uangalifu, kama Kiogora alivyomwonyesha.

Ndipo mlango wa nyumba ukafunguka na Murugi akatoka. Hakutakiwa kutoka. Siku hiyo bibi harusi hufichwa mpaka wakati wake ufike, na hata alikuwa ameshafunikwa nusu kwa khanga. Shangazi wawili walimkimbilia wamrudishe. Yeye akawapita, akasimama mbele ya umati, akamtazama Kiogora.

"Pampu ziko kwa duka," alisema. "Sema tu unataka ngapi."

Nilisikia kicheko cha kwanza nyuma yangu, kisha cha pili, na boma zima likapata pumzi.

Kumbe hapo ndipo shida nyingine ilipoanza. Wazee wa pande zote mbili walisimama na kusema haiwezekani. Mkwe hapandi juu ya paa la wakwe zake. Hapandi, hachungulii, haonekani huko juu kabisa, ni aibu isiyo na dawa. Zachary akasema kwa Wameru ni hivyo hivyo, tena zaidi, akatoa mifano ambayo nadhani alikuwa anaitunga. Na Kiogora ndiye pekee pale aliyekuwa na cheti cha kusimamia kazi hiyo. Bila yeye mimi na Kihara tusingegusa hata bati moja, na yeye asingetuacha tuguse.

Aliyetuokoa ni Mburu, kakake mkubwa Mzee Gatimu, mzee aliyekuwa amekaa tangu asubuhi bila kusema neno isipokuwa kuomba uji uongezwe. Aliuliza mbuzi wako wapi. Akaambiwa bado wako nje ya lango, kwenye gari. Akauliza tena kama kuna hata mmoja aliyekanyaga ndani. Hakuna.

"Basi hakuna mkwe hapa," alisema. "Mbuzi zikiingia, huyu ni mtoto wetu na hawezi panda. Zikikaa nje, huyu ni fundi tu. Apande."

Wazee wakatazamana. Wakaona ni kweli. Zachary alitaka kupinga kidogo kwa heshima ya kazi yake lakini akakosa pa kushika. Ikaamuliwa kwamba wageni wote wavuke barabara kwenye malisho ya jirani, upande upepo unakotoka, mazungumzo yafanyike huko, na mbuzi wasivuke lango kwa hali yoyote mpaka paa lishuke.

Kiogora akampigia simu mkubwa wetu kumweleza, akawapigia na watu wa mazingira, kisha Kihara akaenda na gari kiwandani. Alirudi na nailoni, utepe wa manjano, vikatio na zile ovaroli nyeupe za kuvaa mara moja na kutupa, zenye kofia. Tukavaa watatu. Barakoa zetu zina vichujio viwili vya pembeni, na miwani inafunika mpaka kwenye paji. Dera langu la zambarau likapotea ndani ya weupe. Shangazi mmoja aliniuliza kama bado ni mimi.

Murugi alikuja na pampu. Wasichana wenzake wakazibeba mgongoni juu ya nguo zao za sherehe, wakazijaza maji yenye sabuni kidogo, wakatukabidhi juu ya utepe. Hakuna aliyeruhusiwa kuvuka. Kiogora alizungusha utepe uwanja mzima wa banda, mbali na zizi alimokuwa Mzee, akaukagua, akaukagua tena. Kwa mara ya kwanza sikumtukana.

Tulianza. Tulinyunyiza umande kwanza mpaka mabati yakawa meusi kwa maji, kisha tukakata misumari mmoja mmoja badala ya kuing'oa, tukashusha bati moja baada ya jingine kama mtu anayemtoa mtoto kitandani akiwa amelala. Kiogora juu, mimi na Kihara chini. Yeye akaangalia kila ufa na kuupaka gundi kabla hajaliachia bati. Nilikuwa nimeloa hadi mifupani, na nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kuieleza, kwa sababu ng'ambo ya barabara nyimbo zilikuwa zimerudi.

Maana wale wazee hawakungoja. Walikuwa wameketi kwenye nyasi, wanajadiliana mahari ya mtu ambaye wote walikuwa wanamwona juu ya paa na wote walikubaliana hayupo. Kila Zachary akimsifu mpwa wake, Mburu alimuuliza yuko wapi, naye Zachary akajibu kwamba yuko safarini, anakuja.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ya mbuzi. Walikuwa wameshushwa kwenye gari wapate hewa, na mbele yao, ndani ya lango, kulikuwa na kabichi za Mzee Gatimu, mistari kwa mistari. Mbuzi wa Nanyuki hawajui mila ya mtu. Walivuta. Zachary aliwaambia Wameru kwamba mbuzi mmoja akichungulia tu ndani, kijana wake amegeuka mkwe akiwa juu ya paa, na ukoo utachekwa mpaka Isiolo. Akaishika kamba mwenyewe. Nilimwona kupitia miwani yenye ukungu, suti ya kahawa, visigino vimezama kwenye udongo, anaburutwa hatua moja na kurudi mbili, huku bado anapaza sauti kujadili mahari. Nilicheka ndani ya barakoa mpaka Kiogora akanipungia mkono nitulie. Sikutulia.

Alasiri bati la mwisho lilikuwa limefungwa nailoni. Tulikwangua udongo uliokuwa chini ya mahali Mama aliposugulia, tukaufunga nao, na leso ile ya machungwa pamoja. Tukajimwagia maji kila mmoja, ovaroli na barakoa bado mwilini, ndivyo inavyotakiwa. Tulikuwa tumesimama ndani ya utepe, watatu, weupe kuanzia kichwani hadi miguuni, tunachuruzika, tukingoja zamu ya kuvua.

Na wanawake wakaliona hilo. Kwa kawaida siku kama hiyo wasichana hufunikwa khanga wote wafanane, na mwanamume ndiye hutakiwa kumtambua wake. Akikosea ni faini na aibu. Sasa wakasema leo kazi imegeuka. Wakamleta Murugi, amejifunua uso, wakamwambia hao hapo watatu, amchague wake, na akimchagua Kihara basi ndiye atakwenda naye. Kihara ana urefu sawa na Kiogora. Mimi si mfupi. Nikapanua mabega na kusimama kiume.

Murugi alitutazama mmoja mmoja. Hakuna aliyesogea. Wanawake wakaanza kumcheka, wakamsukuma mbele, wakasogea naye wakiimba, karibu na utepe, karibu zaidi, tumbo la shangazi mmoja likaugusa. Na mmoja wetu watatu, yule wa katikati, akainua mkono na kuwaashiria warudi nyuma.

Hakuwa na haja ya kufikiri tena. "Ni huyo," alisema Murugi. "Mwingine angeniacha nikuje."

Wakapiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika Kiganjo. Mimi nililia. Ndani ya barakoa huwezi kufuta machozi, yanakaa tu. Lakini nilipogeuka nilimwona Mzee Gatimu.

Alikuwa ametoka zizini. Sijui alikuwa amesimama pale muda gani, nyuma ya nyumba, na fimbo yake. Wanawake nao wakamwona na wimbo ukafifia. Alitembea polepole mpaka kwenye utepe, akatazama mabati yaliyofungwa na kupangwa, na nguzo zake zilizobaki uchi, na kisha ule mfuko wa udongo tulioukwangua. Akashika utepe kwa vidole viwili, kwenye uwanja wake mwenyewe, mbele ya ndugu zake.

"Naweza pita?" aliuliza.

Kila mtu akamtazama Kiogora. Alikuwa anasubiriwa na babake Murugi, mtu aliyekosewa heshima mbele ya wageni, mtu ambaye jibu lake ndilo pekee lililobaki. Mimi ningesema pita, Mzee, pita hata ulale. Kiogora alitazama ardhi, akatazama bendera ndogo aliyoifunga kwenye nguzo kuona upepo unakwenda wapi.

"Bado, Baba," alisema. "Hapo umesimama ni sawa. Tungoje kidogo."

Mzee Gatimu akauachia utepe. Akaweka mikono nyuma, akangoja. Sisi tukanyunyiza mara ya mwisho, tukavua ovaroli ndani kwa nje, tukazifunga, tukanawa. Kiogora akamaliza kwa kukagua. Akakagua tena. Kisha akakunja utepe na kusimama mbele ya mzee kwa fulana iliyoloa, akitetemeka kwa baridi.

"Sasa ni sawa, Baba."

Mzee Gatimu alivua koti lake, akamvika, akalifunga kifungo cha juu kama anavyofungiwa mtoto anayekwenda shule. Halafu akageukia lango, kule mjomba alikokuwa bado anang'ang'ana na kamba.

"Zachary," alisema, "wacha hizo mbuzi ziingie kwao."